Kunguru wa Lubumbashi

Ukitoka Mbarara mjini ukashika barabara ya Isingiro, Masha utaipita mapema, migomba ikiwa pande zote na malori ya matoke yakikupisha kwa shida. Hapo ndipo nilipomwona, asubuhi moja, kijana wa bodaboda aliyevaa jezi ya mistari myeusi na myeupe. Kwa mbali nilidhani ni ya Juventus. Alipokaribia nikaona kifuani mamba aliyeubana mpira mdomoni, nikajua ni Mazembe ya Lubumbashi, Kongo. Nikamwuliza ameipata wapi. "Ni ya mzee wangu," akasema. "Alikuja nayo Nakivale." Kijana mwenyewe Lubumbashi hajafika hata siku moja, na watu wake ni wa Kivu. Lakini alinihesabia kikosi kilichocheza na Inter Milan mwaka 2010, akianza na golikipa, kama mtoto anavyohesabu ndugu zake.

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao. Leo Wakongomani ndio wengi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha na majirani zao Warundi na Wanyarwanda. Kila mmoja alikuja na timu yake moyoni: wa Bukavu atakutajia Muungano au Dawa, wa Goma atakutajia Virunga. Mazembe inapocheza mechi za Afrika, ubishi huo huwekwa kando na benchi za kibanda cha video hujaa mapema. Nimeona niisimulie historia ya klabu hii kwa ajili ya vijana kama yule wa Masha, ambao wanaijua Mazembe ya kwenye runinga tu.

Mwaka 1939 mji wa Lubumbashi uliitwa Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Ulikuwa mji wa shaba. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imekusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kila pembe ya Katanga, na watu hao wasiojuana lugha wakaangukia kwenye Kiswahili. Wamonaki Wabenediktini waliokuwa na shule ya Mtakatifu Bonifasi mjini humo waliwaundia wanafunzi wao timu ya mpira ili vijana wasio na mwito wa upadri wawe na la kufanya. Wakaipa jina la Mtakatifu Georgi. Mwaka 1944 ikawa ya Mtakatifu Paulo. Baada ya miaka michache, wachezaji kutoka nje ya shule walipoingia, wamonaki wakaiacha, na timu ikachukua jina la mfadhili wake mpya: Englebert, kampuni ya Kibelgiji ya matairi. Mwaka huohuo wa 1939 ilizaliwa pia Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, na tangu hapo nyumba nyingi za Lubumbashi zimegawanyika, baba huku na mjomba kule.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Katanga ikajitangaza nchi peke yake, vita vikaingia, na hadi Januari 1963 mambo ya mpira yalikuwa madogo mno mbele ya mambo mengine. Timu ilijipanga upya baada ya hapo, na ilipoamka iliamka kwelikweli. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa wa nchi, Kombe la Kongo na Kombe la Katanga kwa mkupuo. Hapo ndipo mashabiki walipoiongezea jina la Kifaransa, Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Sisi kwa Kiswahili neno kama hilo tunamwachia Mungu peke yake, na sijui wale wamonaki walilipokeaje. Lakini herufi mbili, T na P, zimebaki hadi leo.

Mashindano ya klabu bingwa za Afrika yalikuwa bado machanga. Oryx ya Douala ilikuwa imelitwaa kombe la kwanza mwaka 1965, Stade d'Abidjan la pili mwaka 1966. Mwaka 1967 Englebert ikafika fainali dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Kumasi wakatoka 1-1. Kinshasa wakatoka 2-2. Hakukuwa na kanuni ya mikwaju ya penalti wakati huo. Ikapangwa mechi ya tatu, nayo ichezwe Yaoundé, Cameroon. Englebert ikaenda. Kotoko haikutokea. Kombe likakabidhiwa timu iliyokuwa uwanjani, na Waghana wengi wameinung'unikia siku hiyo maisha yao yote, wakisema habari ya mechi haikuwafikia wachezaji. Mimi naona haki ilitendeka: aliyeitwa akaitika ndiye aliyestahili.

Tena mwaka uliofuata hakukuwa na la kubishia. Katika mechi ya kwanza ya fainali ya 1968 Englebert iliifunga Étoile Filante ya Togo 5-0, na hata ilipofungwa 4-1 Lomé, hesabu ilikuwa imekwisha. Ikawa klabu ya kwanza Afrika kutetea ubingwa huo. Ilifika fainali mara mbili tena mfululizo: ya 1969 ikachukuliwa na Ismaily ya Misri, ya 1970 ikachukuliwa na Kotoko, waliokuja Kinshasa kulipiza na wakalipiza, 2-1. Fainali nne kwa miaka minne. Ili Afrika ione tena klabu ikitwaa kombe hilo mara mbili mfululizo ilibidi isubiri Enyimba ya Nigeria, mwaka 2003 na 2004.

Taifa nalo lilikula matunda ya timu hiyo. Januari 1968, Addis Ababa, Kongo ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa kuifunga Ghana 1-0, na bao lile lilikuwa la Pierre Kalala Mukendi wa Englebert. Langoni alikuwepo Robert Kazadi, naye wa Englebert. Mwaka 1973 beki Bwanga Tshimen akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika. Kufikia wakati huo nchi ilikuwa imegeuzwa Zaire, na Rais Mobutu alikuwa ameagiza majina ya kizungu yaondoke, ya watu, ya miji na ya mito. Katanga ikaitwa Shaba, jina la Kiswahili moja kwa moja. Englebert ikawa Tout Puissant Mazembe. Jezi haikubadilika, na kwa sababu ya rangi zake watu wakaendelea kuwaita kunguru, wale ndege weusi wenye kola nyeupe wanaotamba kwenye paa za mji.

Kutoka kikosi hicho alitoka pia Mwepu Ilunga. Kila baada ya miaka michache runinga za dunia huionyesha picha yake: ni Juni 1974, Ujerumani Magharibi, Zaire inacheza na Brazil, Wabrazili wamepata mpira wa adhabu, na kabla hawajaupiga beki mmoja anachomoka ukutani na kuubutua mbali. Watangazaji hucheka wakisema Waafrika hawakujua sheria. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri, na kwamba alifanya vile makusudi kwa hasira ya jinsi walivyotendewa na wakubwa wao. Fedha walizoahidiwa hazikuwafikia, na baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia vitisho vilikuwa vimewafuata hadi hotelini. Mtu aliyetwaa ubingwa wa Afrika hawezi kuwa hajui mpira wa adhabu unapigwaje. Picha ile hunisikitisha kila nikiiona, na vijana wetu wanapaswa kuelezwa kilichokuwa nyuma yake.

Baada ya hapo Mazembe ilipata kombe moja tu la Afrika kwa muda mrefu, lile la Washindi mwaka 1980, ilipoifunga Africa Sports ya Abidjan 3-1 na 1-0. Kisha shaba ikashuka bei, kampuni ya serikali ya Gécamines ikadhoofika, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na mji ambao uliishi kwa king'ora cha kiwanda ukabaki unaishi kwa biashara ndogondogo. Timu ikaishi hivyohivyo.

Mwaka 1997, mwaka ambao Mobutu aliondoka, klabu ilimpata mwenyekiti mpya, mfanyabiashara Moïse Katumbi. Nitasema waziwazi ninavyomwona. Bila yeye Mazembe ya leo isingekuwepo. Alilipa mishahara kwa wakati katika nchi ambayo mchezaji alizoea kulipwa ahadi, akaleta makocha kutoka nje, akanunua wachezaji kutoka Zambia, Ghana, Mali, Ivory Coast na Tanzania, na timu ikafika mahali pa kusafiri kwa ndege yake yenyewe. Mwaka 2000 ubingwa wa Kongo ukarudi, na 2001 ukabaki. Mwaka 2007 akawa gavana wa Katanga, na hapo mpira na siasa vikakaa kiti kimoja. Nguvu ya klabu ikawa nguvu ya mtu mmoja. Hilo ni jambo la kutia shaka popote duniani, hata mtu mwenyewe awe mkarimu namna gani.

Fainali ya 2009 ilikuwa dhidi ya Heartland ya Nigeria. Owerri walifungwa 2-1. Marudiano yalichezwa Lubumbashi, kwenye uwanja wa mtaa wa Kenya ambao rasmi una jina la Kibassa Maliba, na kwa zaidi ya saa nzima mpira ulikataa kuingia. Kisha beki wa Heartland akajifunga. Bao moja hilo, pamoja na lile la ugenini, likatosha. Ubingwa wa Afrika ulikuwa umechukua miaka 41 kurudi. Safari ya Kombe la Dunia la Vilabu huko Abu Dhabi, Desemba hiyo, ilikuwa ya aibu: walifungwa na Pohang ya Korea Kusini 2-1, kisha na Auckland City ya New Zealand 3-2, na golikipa Robert Kidiaba akatolewa kwa kadi nyekundu.

Mwaka uliofuata ulianza vibaya zaidi. Kwenye Kombe la Kagame huko Kigali, nahodha Trésor Mputu, mchezaji bora kuliko wote waliokuwa pale, alimvamia mwamuzi, yeye na mwenzake Guy Lusadisu, na FIFA ikawafungia miezi 12 kila mmoja. Kocha Lamine N'Diaye wa Senegal akabaki bila nahodha. Watu wakasema basi. Tarehe 31 Oktoba 2010 Espérance ya Tunis ikaja Lubumbashi kwa fainali ya kwanza na kufungwa 5-0. Marudiano 1-1. Ubingwa ukatetewa kwa mara ya pili katika historia ya klabu, kama walivyofanya wazee wao wa 1968.

Wakarudi Abu Dhabi. Tarehe 10 Desemba waliifunga Pachuca ya Mexico kwa bao la Bedi Mbenza. Tarehe 14 walikutana na Internacional ya Porto Alegre, mabingwa wa Amerika Kusini. Tangu mashindano yale yaanze hakuna klabu iliyowahi kufika fainali isipokuwa za Ulaya na Amerika Kusini, na dunia ilikwisha kupanga fainali ya Wabrazili na Inter.

Mechi ile niliitazama kwenye kibanda, jenereta likinguruma nje, watu wamebanana hadi wengine wamekaa sakafuni miguuni pa wenzao. Kipindi cha kwanza Wabrazili walishambulia, Kidiaba akaokoa. Dakika ya 53 Mulota Kabangu aliupokea mpira pembeni ya eneo la hatari, akautuliza, akauzungusha hadi kona ya mbali ya goli. Kibanda kilinyamaza kidogo, kama watu hawaamini, kisha kikalipuka. Dakika ya 85 Dioko Kaluyituka akaongeza la pili. Kidiaba akaketi chini langoni mwake na kurukaruka kwa makalio kama mpira, mtindo wake ule ambao watoto wa kambi waliuiga kesho yake mavumbini hadi mama zao wakachoka kufua.

Fainali walifungwa 3-0 na Inter. Pandev, Eto'o, Biabiany. Mwafrika mmoja alikuwa upande wa pili akifunga, na hakuna aliyemchukia. Timu ya mji wa Waswahili wa Katanga ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali ya dunia ya vilabu. Raja Casablanca walifika huko mwaka 2013, nyumbani kwao Morocco.

Mwaka 2011 klabu ilihamia kwenye uwanja wake mwenyewe, mtaa wa Kamalondo, wenye viti 18,500 na nyasi bandia. Kwa klabu ya ukanda wetu kuwa na uwanja wake, si wa serikali wala wa manispaa, ni jambo ambalo hata leo wengi wanaliota. Mwaka huohuo iliwatoa Simba ya Dar es Salaam kwenye Ligi ya Mabingwa, nyumbani na ugenini. Simba wakakata rufaa kwamba beki Besala Bokungu hakuwa halali kuichezea Mazembe kwa sababu ya mkataba wake na Espérance. Wakashinda rufaa, na bingwa mtetezi akafukuzwa mashindanoni. Mazembe walikosea, na adhabu waliistahili.

Lakini walikuwa wameona kitu katika mechi zile. Wakarudi Dar es Salaam na fedha, wakawanunua vijana wawili wa Simba: Mbwana Samatta, mshambuliaji Mtanzania, na Patrick Ochan, kiungo Mganda. Thomas Ulimwengu wa Tanzania naye akajiunga. Kwa mara ya kwanza kijana wa Mbagala aliweza kwenda kulipwa vizuri nje bila kuvuka bahari, na akifika huko akaagiza ugali kwa lugha ya mama yake, hata kama Kiswahili cha Lubumbashi kina namna yake. Na waliowakuta kikosini walikuwa watu wa maana. Februari 2012 Zambia ilipotwaa Kombe la Afrika Libreville, penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu wa Mazembe, na Rainford Kalaba alikuwa kwenye kikosi hichohicho.

Mwaka 2015 ulikuwa wa Samatta. Fainali dhidi ya USM Alger, kule Algiers Kalaba alifunga, Samatta akafunga kwa penalti, 2-1. Tarehe 8 Novemba, Lubumbashi, Samatta alifunga penalti nyingine na Roger Assalé akamalizia, 2-0. Mtanzania huyo alimaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao 7, sawa na Bakri al-Madina wa Al-Merrikh. Januari 2016, Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Wa pili alikuwa Kidiaba, golikipa wake mwenyewe. Ni mchezaji gani wa Afrika Mashariki aliyekuwa amesimama pale kabla yake?

Siasa zikafika zilipotarajiwa kufika. Katumbi alikuwa ameachana na chama tawala Septemba 2015, na Mei 2016 akaondoka nchini. Timu ikacheza mwenyekiti akiwa uhamishoni. Ikatwaa Kombe la Shirikisho mwaka huo kwa kutoka sare 1-1 na MO Béjaïa, kisha kuifunga 4-1, na mwaka 2017 ikalitetea dhidi ya SuperSport ya Afrika Kusini, kocha akiwa Pamphile Mihayo, mchezaji wake wa zamani. Katumbi alirejea Lubumbashi Mei 2019. Makombe yale mawili yalinifundisha kwamba kilichojengwa Kamalondo kilikuwa na mizizi mirefu kidogo kuliko nilivyohofia.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Oktoba 2022 Vipers ya Kitende ilitoka nayo sare 0-0 Uganda, 0-0 tena Lubumbashi, kisha ikaitoa kwa mikwaju ya penalti, 4-2, na kuingia hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Siku hiyo Mganda mwenye duka hapa Masha na wateja wake Wakongomani hawakusemezana vizuri. Miezi michache baadaye Yanga nayo ikaifunga Mazembe nyumbani na ugenini. Mbarara yenyewe ina klabu yake, Mbarara City, inayochezea uwanja wa Kakyeka. Ilipanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2017 na imeonja pia uchungu wa kushuka. Vijana wa Nakivale huenda kuitazama pia, kwa kuwa Kakyeka panafikika kwa nauli, na Kamalondo hapafikiki.

Mwaka 2024 wanaume walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na kutolewa na Al Ahly. Kombe la mwaka huo lililetwa na wanawake. Chini ya kocha Lamia Boumehdi wa Morocco, timu ya wanawake ya Mazembe iliingia fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Wanawake huko El Jadida, tarehe 23 Novemba, dhidi ya AS FAR, waliokuwa nchini mwao na waliokuwa wamelitwaa kombe hilo mwaka 2022. Mazembe ilishinda 1-0. Hakuna klabu ya wanawake ya Kongo iliyowahi kulishika kombe hilo kabla yao.

Wazee wa Nakivale mliomwona Bwanga, mliokuwa uwanja wa Kenya siku Heartland walipojifunga, au mliosikiliza fainali za 1967 na 1968 kwenye redio ya baba zenu: vijana hawa wanazivaa jezi zenu. Wakalisheni chini jioni, muwaambie.